Ada nafuu ya chuo kwa watoto wasio na makaratasi Marekani: wapiga kura wa mchujo wanapinga nini hasa?

Mchambuzi wa Kura (mleta uzi) · #1

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia Marekani, hoja hii hurudi: mtoto wa mhamiaji asiye na makaratasi alipe ada ya mkazi kwenye chuo cha umma, au alipe ya mgeni? Naomba tuitazame kwa jicho moja tu. Wapiga kura wa mchujo, hasa wa Republican, wanalionaje jambo hili, na je, limewahi kumwangusha mgombea kweli?

Tuelewane kwenye neno kwanza. "Mchujo" hapa ni uchaguzi wa ndani wa kumpata mgombea wa chama. Bongo tunauita kura za maoni, Kenya ni mchujo au nominesheni. Ule wa kupiga simu na kuhoji watu nitauita utafiti wa maoni. Tukivichanganya hivi viwili uzi utaharibika mapema.

Sasa kitu chenyewe. Si elimu ya bure. Chuo cha umma cha jimbo kina bei mbili, ya mkazi na ya anayetoka nje. Pale University of Texas Austin mkazi hulipa takriban dola 11,000 kwa mwaka, wa nje zaidi ya 40,000. Nafuu inayogombaniwa ni kumwondolea kijana ile tofauti. Bado atalipa ada, chakula, malazi na vitabu, na msaada au mkopo wa masomo wa serikali kuu haupati hata senti.

Msingi wa kisheria una nguzo mbili. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Plyler v. Doe iliyotoka mji wa Tyler, Texas, iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya msingi na sekondari kwa sababu hana kibali. Uamuzi ule haukugusa chuo. Halafu mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria inayosema jimbo lisimpe asiye na kibali nafuu ya chuo *kwa kigezo cha ukazi* isipokuwa raia yeyote wa Marekani anaweza kuipata kwa kiwango kilekile bila kujali anaishi jimbo gani. Hayo maneno ya ukazi yashikeni, yatarudi.

Texas ikawa ya kwanza mwaka 2001, gavana Rick Perry, Republican, akatia saini. California ikafuata mwaka huohuo na sheria yake ya AB 540.

Karibuni. Atakayeleta asilimia aseme waliulizwa nani na waliulizwaje.

---

Kipeuo · #2

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze masharti ya Texas, maana wengi hudhani mtu anavuka mpaka leo na kesho anapewa bei nafuu. Kijana alitakiwa awe ameishi Texas miaka 3 hadi kuhitimu sekondari ya hapo (au kupata cheti mbadala), awe ameishi jimboni miezi 12 kabla ya kujiunga na chuo, na asaini hati ya kiapo kwamba ataomba ukazi wa kudumu mara tu sheria itakapomruhusu. Hiyo hati ndiyo iliyowapa Warepublican wa 2001 ujasiri wa kupiga kura ya ndiyo. Bunge zima la jimbo, mabaraza yote mawili, waliopinga walikuwa wanne. Perry mwenyewe aliitaja hesabu hiyo jukwaani miaka 10 baadaye, haikumsaidia.

---

Binti Mvita · #3

Tulitazame hilo jukwaa kwa karibu, maana ndipo mada yote ilipo.

Perry aliingia kinyang'anyiro cha urais Agosti 2011 akapanda moja kwa moja kileleni. Gallup ya mwishoni mwa Agosti ilimpa 29% kati ya Warepublican, Mitt Romney 17%. Tarehe 12 Septemba, mdahalo wa Tampa, akaitetea sheria yake ya ada na ukumbi ukamzomea. Tarehe 22 Septemba, mdahalo wa Orlando, Romney akamshika hapohapo: nafuu ya karibu dola 100,000 kwa miaka minne kwa mtu asiye na kibali, wakati raia wa Marekani anayetoka jimbo lingine haipati. Romney alikuwa na la kuonyesha, kwa sababu akiwa gavana wa Massachusetts alikataa mpango kama huo mwaka 2004.

Perry akajibu kwamba anayesema tusiwasomeshe watoto walioletwa bila kosa lao, "sidhani kama una moyo". Kwa Kiswahili chetu ni kama kumwambia mtu huna utu. Na hakumwambia Romney peke yake, aliwaambia wapiga kura waleule aliokuwa akiwaomba kura.

Siku mbili baadaye, tarehe 24, wajumbe wa chama waliokusanyika Florida wakapiga kura ya majaribio. Herman Cain 37%, Perry 15%, Romney 14%. Wiki haikuisha Perry akakiri hadharani kuwa lile neno halikufaa, ingawa sheria yenyewe hakuikana. Gallup ya mwanzoni mwa Oktoba: Romney 20, Cain 18, Perry 15.

Kwa hiyo swali la mleta uzi, je, limewahi kumwangusha mgombea, jibu langu ni ndiyo.

---

Mtu wa Sampuli · #4

Dada #3, mtiririko wa matukio umeuweka sawasawa, ila hilo hitimisho nalipinga.

Kwanza, kura ya Florida ya tarehe 24 haikuwa kura ya wapiga kura. Ni wanaharakati wa chama waliosafiri kuhudhuria mkutano, watu wapatao 2,600 hivi. Hao ni kundi kali kuliko mpiga kura wa kawaida wa mchujo, ambaye naye ni mkali kuliko Mrepublican wa kawaida. Ni ngazi tatu tofauti.

Pili, mwezi huohuo Perry alikuwa akipigwa pande nyingine. Chanjo ya HPV aliyoiamuru kwa wasichana mwaka 2007, maneno yake kuhusu hifadhi ya jamii ya wazee kwamba ni utapeli wa upatu, na midahalo aliyoboronga kwa ujumla. Novemba 9 kule Michigan akasahau jina la wizara ya tatu aliyotaka kuifuta. Huwezi kuchukua mteremko wenye sababu tano ukampa mmoja mzigo wote.

Tatu, na hili ndilo zito: tazama Newt Gingrich, mgombea mwenzao wa msimu uleule. Tarehe 22 Novemba 2011, mdahaloni, alisema mtu aliyekaa nchini miaka 25, ana familia na kanisa, asing'olewe, na kwamba sheria iwe na utu. Walimshambulia. Miezi miwili baadaye, 21 Januari 2012, akashinda mchujo wa South Carolina kwa 40%. Wapiga kura wa chama kilekile, msimu uleule.

---

Mzee Kichwamba · #5

Na kabla ya Gingrich kuna Mike Huckabee, aliyekuwa gavana wa Arkansas na mgombea urais wa Republican. Mdahalo wa Novemba 28, 2007, St. Petersburg, Florida. Romney yuleyule alimbana kuhusu mpango wa Arkansas wa kuwapa ufadhili wa masomo vijana wasio na vibali waliofanya vizuri sekondari. Huckabee akajibu kwamba nchi hii ni bora kuliko kuwaadhibu watoto kwa yaliyofanywa na wazazi wao. Mwezi mmoja na kitu baadaye, Januari 3, 2008, akaichukua Iowa kwa 34% dhidi ya 25% za Romney. Na siku hiyo takriban theluthi ya Warepublican waliohojiwa wakiingia kupiga kura walisema uhamiaji haramu ndio suala lao namba moja!

Linganisheni majibu mawili. Huckabee aliongelea mtoto. Perry aliongelea moyo wa mpinzani wake. Sera zinafanana kwa kiasi kikubwa.

---

Binti Mvita · #6

@Mtu wa Sampuli nakubali kuhusu wajumbe wa Florida, hiyo nimeteleza. Lakini Gingrich hakuongelea ada. Aliongelea kufukuzwa, na kwa mtu mzima wa miaka 25 nchini. Ada ina kitu kingine ndani yake: inalinganisha mtoto wa mpiga kura na mtoto wa mtu mwingine, kwa namba ya dola. Mzazi wa Oklahoma mwenye mtoto anayetaka kusoma Texas anaelewa mara moja zile dola 22,000 kwa mwaka alizozitaja Romney mdahaloni, hahitaji kufafanuliwa. Kufukuzwa watu ni jambo la mbali. Bili ya chuo ipo mezani kwake.

---

Mtu wa Sampuli · #7

Hapo umenishika vizuri, na ndiyo sababu maneno ya swali yana uzito mkubwa hapa kuliko mada nyingine za uhamiaji. Nimeyatunga haya matatu kuonyesha tofauti:

(a) Je, walipa kodi wagharamie chuo cha wahamiaji haramu?

(b) Je, wahamiaji wasio na vibali waruhusiwe kulipa ada ya mkazi?

(c) Je, kijana aliyeletwa akiwa mtoto, akasoma na kuhitimu sekondari ya jimbo hili, alipe ada sawa na wenzake aliohitimu nao?

Kisheria yote yanaulizia kitu kimoja. La kwanza linaanza na mfuko wa mpiga kura, linamtaja mtu kwa kosa, na halisemi kwamba kijana mwenyewe analipa chochote. La pili halimtaji mtoto. La tatu limejaa utoto na usawa. Mrepublican wa mchujo atakataa (a) bila kuwaza, (b) atakataa lakini kwa wingi pungufu, (c) utaanza kuona mgawanyiko. Ukiletewa asilimia bila maneno ya swali, hujaletewa kitu.

Cha pili ni idadi. Hesabu ya haraka ya kiwango cha makosa: chukua 1 ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 1,000 unapata kama asilimia 3 juu au chini. Watu 400 ni asilimia 5. Sasa utafiti wa jimbo wenye watu 1,000, ukichambua Warepublican wa mchujo peke yao unaweza kubaki na 300, na ukitaka wale wenye watoto wa umri wa chuo unabaki na 100, yaani makosa ya asilimia 10 kila upande. Gazeti likiandika "wazazi wa Republican wamegawanyika 46 kwa 44" kwa sampuli hiyo, halijasema lolote.

Cha tatu, Texas haina usajili wa wapiga kura kwa chama. Mtu siku ya mchujo anachagua tu karatasi ya chama gani achukue. Kwa hiyo mtafiti hawezi kupata orodha iliyoandikwa "Republican". Anachukua daftari la kaunti linaloonyesha nani alishiriki mchujo upi miaka iliyopita, anaweka kigezo, mfano aliyeshiriki angalau miwili kati ya minne ya mwisho, kisha anapiga simu. Akilegeza kigezo anaingiza watu wa wastani, akikaza anabaki na wakongwe na wakali. Florida ni kinyume chake, mchujo umefungwa na ni lazima uwe umejisajili na chama. Ndiyo maana siweki matokeo ya majimbo haya mawili kwenye jedwali moja.

---

Nyota ya Kaskazini · #8

Naunga mkono #7. Niweke ukubwa wa kundi: mchujo wa Republican Texas, Machi 2024, walijitokeza watu kama milioni 2.3. Waliosajiliwa jimbo zima ni karibu milioni 18. Asilimia 13. Hao ndio wanaoamua nani awe gavana na nani awe seneta wa jimbo, kwa sababu wilaya nyingi uchaguzi mkuu ni kukamilisha utaratibu tu.

Na kwenye karatasi ya mchujo ule chama kiliweka mapendekezo yasiyo na nguvu ya kisheria, ya kupima upepo. Moja liliuliza kama bunge la jimbo likomeshe ruzuku na huduma zote za umma kwa wahamiaji haramu, *ikiwemo ada ya mkazi vyuoni na kuandikishwa shule za umma*. Lilipita kwa kishindo. Wanasiasa wakalinukuu: wapiga kura wetu wanataka ada ifutwe. Lakini soma tena. Vitu vitatu vimefungwa kamba moja, na kimojawapo, shule za umma, kinagongana na Plyler moja kwa moja. Mtu anayekubali moja na kukataa viwili hana kisanduku cha kutia alama.

---

Kipeuo · #9

Kuhusu nguvu ya mchujo, 2014 ni somo. Nafasi ya naibu gavana wa Texas. David Dewhurst alikuwa ameikalia tangu 2003. Dan Patrick akamvaa kwa uhamiaji, na ada ya vyuo ikiwa miongoni mwa silaha. Marudio ya tarehe 27 Mei, Patrick 65%. Novemba akamshinda Leticia Van de Putte wa Democratic, mmoja wa walioipigania sheria ya 2001. Naibu gavana wa Texas ndiye anayeongoza Seneti na kupanga mswada upi ufike mezani, si cheo cha kukata utepe.

Sasa jiulizeni, kwa nini baada ya hapo sheria haikufutwa? Vikao vya 2015, 2017, 2019, 2021, 2023, 2025. Miswada ya kuifuta ilikuwepo, Republican wana wingi kote, na bado ilikwama. Mwaka 2025 mmoja ulipita kamati ya Seneti ukafia hapo, haukupigiwa kura na Seneti nzima.

---

Mzee Kichwamba · #10

Nikujibu hilo la #9, kwa sababu ndilo kiini kwangu. Kuna tofauti kati ya *wangapi wanapinga* na *wanapinga kwa nguvu gani*. Ukimuuliza Mrepublican wa mchujo kama anapinga, atasema ndiyo. Ukimwambia ataje mwenyewe mambo matatu yanayomnyima usingizi, atataja mpaka, kodi ya nyumba, bei za vitu. Ada ya chuo haitokei mpaka mgombea aiseme. Wenye viwanda na wajenzi, wachangiaji wakubwa wa chama kilekile, hawakutaka ifutwe, na wao wapo ofisini kwa wabunge mwaka mzima. Wanafunzi wenyewe walikuwa kama 1% ya wanafunzi wote wa vyuo vya Texas. Kwa hiyo mbunge alikuwa na sababu ya kupiga kelele Machi na kunyamaza Mei.

Anayesoma utafiti wa maoni na kutabiri sheria kutokana nao atakosea kwa sababu hiyo, tena si mara moja.

---

Nyota ya Kaskazini · #11

Mpaka ilipofutwa bila bunge. Tuweke kumbukumbu sawa: kikao cha bunge kilikwisha tarehe 2 Juni 2025. Tarehe 4 Juni Wizara ya Sheria ya Marekani ikaishtaki Texas. Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, hakuitetea sheria ya jimbo lake, alikubaliana na walioshtaki. Jaji Reed O'Connor akatia saini hukumu ya makubaliano *siku hiyohiyo*. Miaka 24 ya sheria, saa kadhaa. Shirika la MALDEF, linalotetea haki za Walatino mahakamani, kwa niaba ya wanafunzi, likaomba kuingia kwenye kesi ili sheria ipate mtetezi, kwa kuwa hapakuwa na upande uliokuwa unaipinga kesi.

Hili linaniuma, na nalisema wazi. Unaweza kuwa upande wowote kuhusu ada, lakini mswada ulioshindwa bungeni ukatekelezwa kwa pande mbili zinazokubaliana mahakamani ni njia mbaya ya kutunga sheria. Mpiga kura wa mchujo aliyetaka ifutwe hakuhesabiwa, na aliyetaka ibaki hakuhesabiwa.

---

Mchambuzi wa Kura · #12

Asante #11. Sasa yale maneno ya ukazi niliyosema yatarudi. Texas iliandika sheria yake kwa kuwaita vijana hawa *wakazi* wa jimbo kwa ajili ya ada. California haikufanya hivyo. AB 540 inasema: yeyote aliyesoma sekondari California miaka 3 na kuhitimu anasamehewa ada ya asiye mkazi, hata kama sasa anaishi Nevada. Kigezo ni shule, si makazi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya California, kesi ya Martinez, ikasema hiyo haigongani na sheria ya 1996, kwa sababu raia aliyehamia jimbo lingine naye anaipata. Tena kwenye vyuo vya University of California sehemu kubwa ya walionufaika wamekuwa raia na wakazi halali.

Wizara imezishtaki pia Kentucky, Oklahoma, Minnesota, Illinois na California, na Oklahoma ikakubali kama Texas. Lakini atakayesema "Texas imeanguka kwa hiyo zote zitaanguka" hajasoma maandishi ya kila jimbo.

Na hapa hoja ya Romney inapata jibu. Kijana wa Oklahoma akisoma sekondari ya California miaka 3, analipa sawa na yule asiye na makaratasi.

---

Mama Zuhura · #13

Naomba kuuliza kwa niaba ya wazazi wetu walioko Dallas, Houston na Minneapolis. Watoto wa Kikongo waliokuja kama wakimbizi wanaguswa na hii hukumu? Na wale wenye visa ya mwanafunzi kutoka Nairobi au Dar?

---

Kipeuo · #14

Mama Zuhura, shikamoo. Makundi haya yasichanganywe hata kidogo:

Mkimbizi aliyeletwa rasmi, au aliyekwisha kukubaliwa hifadhi, ana hadhi halali. Anajaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu) kama raia na anapata misaada ya serikali kuu. Hukumu haimhusu. Karatasi yake ni I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) iliyoandikwa kuwa ni mkimbizi au amekubaliwa hifadhi. Ofisi ya chuo ikikosea kumweka kundi la wasio na kibali, aipeleke hiyo na aombe upangaji wake wa ukazi upitiwe upya kwa maandishi.

Aliye na ombi la hifadhi lisilojibiwa, mwenye DACA (kinga ya muda kwa walioletwa wakiwa watoto), au mwenye TPS (hifadhi ya muda kwa watu wa nchi zenye vita au maafa) hapati msaada wa FAFSA. Ada yake inategemea jimbo, na Texas ndipo mkanganyiko ulipozuka baada ya Juni 2025, maana vyuo viliambiwa vitambue nani "hayupo kihalali" na kila ofisi ikatafsiri kivyake.

Mwenye visa ya mwanafunzi F-1 analipa ada ya mgeni. AB 540 ya California haimgusi, imewatoa wenye visa za muda kwa maandishi. Hili hutumiwa sana kwenye kampeni za mchujo: aliyefuata utaratibu analipa kamili, asiyefuata anapata nafuu. Jibu la kweli ni kwamba F-1 aliomba kuja kusoma akaonyesha kwa taarifa za benki kwamba ataweza kulipa, na yule mwingine aliletwa akiwa darasa la pili. Ila ni malalamiko yenye mantiki na mgombea anayeyapuuza anaumia.

Minnesota: sheria yake ni ya 2013, na tangu vuli 2024 mpango wa North Star Promise unafuta ada kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000, wasio na makaratasi wakiwemo. Ipo kwenye orodha ya walioshtakiwa, kwa hiyo mzazi athibitishe na ofisi ya misaada ya chuo kila muhula, asitegemee ya mwaka jana.

---

Mama Zuhura · #15

Marahaba mwanangu. Nimeelewa, nitawafikishia.

---

Mtu wa Sampuli · #16

Turudi kwa wapiga kura. Ukitaka kuona umbali kati ya mchujo na uchaguzi mkuu tazama kura za wananchi wote. Arizona 2006, pendekezo namba 300 la *kukataza* ada ya mkazi, lilipita kwa 71%. Arizona ileile 2022, pendekezo namba 308 la kuiruhusu kwa aliyesoma sekondari ya jimbo miaka 2 na kuhitimu, likapita kwa 51%. Watu wamebadilika, ndiyo, miaka 16 ni mingi. Lakini swali nalo lilibadilika kutoka "mhamiaji haramu" kuwa "mhitimu wa Arizona".

Maryland 2012: karibu 59% waliunga mkono. Pale sheria iliandikwa kwa uangalifu sana, kijana aanze chuo cha jamii cha miaka miwili, na familia ionyeshe imewasilisha fomu za kodi. Kila sharti lilijibu lalamiko moja la mpinzani.

---

Binti Mvita · #17

Na Florida inaonyesha safari ya kurudi. 2014 gavana Rick Scott, Republican, alisaini nafuu kwa aliyesoma sekondari za Florida miaka 3 mfululizo. Aliyeubeba mswada bungeni, Jeanette Nuñez, alikuwa Republican. Februari 2025 gavana Ron DeSantis, naye Republican, akaifuta, kuanzia Julai 1. Nuñez, wakati huo naibu gavana wake, mwezi mmoja kabla alikuwa amesema sheria ile imemaliza kazi yake na ifutwe. Mchujo uliofungwa ndio ninaoulaumu mimi.

Upande wa Democratic sina mengi. Ndani ya mchujo wao hili lilikwisha zamani; walichobishania ni leseni za udereva mwaka 2007, pale Hillary Clinton alipojikanganya mdahaloni Philadelphia, na bima ya afya mwaka 2019.

---

Nyota ya Kaskazini · #18

@Binti Mvita, mchujo uliofungwa haubebi lawama yote. Florida ilikuwa na mchujo uliofungwa 2014 pia, na Scott alisaini mwezi Juni akiwa anagombea tena Novemba. Alihitaji kura za Walatino kwenye uchaguzi mkuu uliokuwa mkali. Kufikia 2025 jimbo lilikuwa limeegemea Republican kiasi kwamba hofu pekee iliyobaki ni mchujo. Kanuni ni ileile, ila tishio limehama.

---

Binti Mvita · #19

Hiyo ni bora kuliko yangu. Naikubali.

---

Msomaji Kimya · #20

Wakuu nimesoma kuanzia juu hadi hapa. Swali dogo: mtu akitaka kuona mwenyewe wapiga kura wa mchujo wa jimbo fulani wanaulizwa nini, bila kusubiri magazeti, aanzie wapi?

---

Kipeuo · #21

Aanzie kwenye karatasi ya kura yenyewe. Kwa Texas, ofisi ya uchaguzi ya kila kaunti hutoa nakala ya mfano kabla upigaji kura wa mapema haujaanza, na ipo mtandaoni. Chagua chama, chagua eneo, pakua. Pita majina yote, rais, seneta, majaji, mpaka mwisho kabisa. Mapendekezo ya chama yanakaa pale chini, baada ya wagombea wote, kwa herufi ndogo. Soma kila moja ukihesabu ni vitu vingapi vimefungwa ndani ya ndiyo moja.